Tramu ya Madam, Dramu za Mtaa wa Chini

Madam hakukubali neno "nipo." Katika miaka minne aliyotufundisha jiografia, kila asubuhi alifungua rejesta na kusoma jina, na aliyetajwa alipaswa kusimama na kueleza amekuja kufanya nini. "Hata dawati lipo," alituambia siku ya kwanza. "Hata chaki ipo. Wewe umekuja kufanya nini?" Mwanzoni tulijibu upuuzi: nimekuja kusoma, Madam, nimekuja kupita mtihani, Madam. Alisubiri. Alikuwa na namna yake ya kusubiri, kalamu ikiwa imeinuliwa kidogo juu ya karatasi, mpaka jibu la uvivu likamwaibisha mwenyewe aliyelitoa. Asubuhi moja msichana wa dawati la mbele alisema kwamba nyumbani mama yake ni mgonjwa na hakuna aliyepika, na shuleni kuna uji. Madam hakumkemea, wala hakumfanya kitu cha kuhurumiwa mbele ya wenzake. Aliandika, kisha akasoma jina lililofuata.

Rejesta ya walimu wengine ilijaa alama za vema. Yake ilijaa sentensi. Mwalimu mkuu alimwita ofisini mara nyingi kwa sababu hiyo, akamwonyesha kwamba visanduku vya rejesta ni vidogo na havikuchorwa kwa ajili ya maelezo. Madam alikubali kuwa visanduku ni vidogo, akarudi darasani, akaendelea kuandika, na pale sentensi ilipokosa nafasi aliipindisha pembezoni mwa ukurasa. "Kuwepo si kukubali," alisema tulipomuuliza kwa nini anajisumbua. "Siku moja mtu atawahesabu kama mbuzi zizini. Siku hiyo mkumbuke kwamba mna vinywa."

Mji wetu una madam wengi, kwa kuwa ni mji wa vyuo na shule, na kila mwanamke aliyewahi kushika chaki huitwa hivyo mpaka kaburini. Lakini ukisema Madam bila kuongeza jina, sokoni, kanisani au kwenye kibanda cha fundi wa viatu, kila mtu hujua unamzungumzia nani. Yeye naye hakutumia majina yetu isipokuwa kwenye rejesta. Alitukumbuka kwa mahali tulipokaa. Miaka kumi baada ya kumaliza shule, mtu mzima mwenye watoto alisimamishwa njiani na kuulizwa, "Wewe wa Mlangoni, mbona umekonda?" Mimi nilikaa karibu na dirisha, kwa hiyo hadi leo mimi ni wa Dirishani.

Watu walimcheka kwa ulimi wake. Alizungumza Kiswahili cha sarufi nzito kuliko chetu sote, lakini hakuweza kutamka konsonanti mbili zilizofuatana bila kuweka irabu katikati kama daraja. Siku moja mvulana wa nyuma alimwiga. Madam alikuwa amesema "tiropiki," akimaanisha tropiki, na yule mvulana akairudia kwa sauti ya chini iliyokusudiwa kusikika. Madam aliweka chaki chini.

"Rudia," Madam alisema.

Akarudia, sasa kwa woga.

"Vizuri. Hivyo ndivyo tunavyoisema kwetu. Njoo uionyeshe kwenye ramani."

Mvulana alisimama mbele ya ramani ya dunia kwa muda mrefu na hakuionyesha.

"Wewe ungeitamka vizuri sana," Madam alimwambia, "kama ungejua iko wapi."

Sikuwahi kumwona akiuonea haya ulimi huo. "Huu ulimi uliamka kwetu Muthara," alisema, "na haujaona sababu ya kuhama." Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ulimi huohuo ndio uliokuja kututia wote majaribuni.

Ukutani mwa darasa lake palikuwa na kalenda ambayo mwaka wake ulikwisha kabla hatujajiunga na shule. Alikuwa amekata tarehe zote na kuacha picha peke yake: tramu, gari la abiria lipitalo juu ya reli barabarani, ya rangi ya manjano, ikipanda kilima katika mji fulani wa mbali wenye chuo kikuu, na wanafunzi wamesimama mlangoni wakiwa na vitabu mikononi. Hakuwahi kuona tramu kwa macho yake. Tulipomkumbusha hilo, alituuliza ni nani kati yetu aliyewahi kuiona ikweta, ilhali tunaivuka kila tunapoteremka kwenda Nkubu.

Hoja yake ilikuwa rahisi, na baadaye nilipokwenda kusomea mipango ya miji niligundua kuwa ilikuwa sahihi kuliko nyingi nilizofundishwa. Mji wetu umejipanga juu ya mgongo mmoja mrefu. Soko na hospitali viko juu. Chuo kikuu, chuo cha ualimu na chuo cha uuguzi viko chini. Na kati ya juu na chini kuna barabara moja tu ya lami. Kila asubuhi nusu ya mji hupanda na nusu nyingine huteremka. Mvua ikinyesha, nauli hupanda kwa matakwa ya anayeishika, na wanafunzi wa uuguzi huingia wodini viatu vikiwa vimeloa. "Mji huu unakula kwa wanafunzi," Madam alisema, "lakini barabara yake haijawahi kuwatazama." Mahali palipojipanga kwenye mstari mmoja, ambapo watu wengi huenda na kurudi njia ileile kila siku, ndipo hasa tramu inapofaa. Hakulijua hilo kwa kusoma. Alilijua kwa kuutembea mstari huo kwa miguu miaka yote.

Kuhusu reli ya zamani alikuwa na maneno makali. "Reli ilikuja mpaka Nanyuki," alisema, "ikauona mlima, ikaketi. Na sisi tukaenda kuisalimia huko ilikoketi, badala ya kuiuliza kwa nini haikusimama ikaja."

Alipostaafu, alilipeleka jambo hilo mjini. Alianzisha kamati ya walimu wastaafu, wanafunzi wachache na wafanyabiashara wawili watatu, na niliporudi kutoka chuoni na cheti changu alinikabidhi daftari la kumbukumbu bila kuniuliza. Nikawa katibu. Kila mahali tulipokwenda, tulichekwa. Uwanja wa vita ulikuwa kibanda cha fundi wa viatu kando ya soko, kwa kuwa hapo watu huketi miguu mitupu wakingoja, na mtu asiye na viatu hawezi kuondoka katikati ya hoja.

"Madam," fundi alianza siku moja, uzi ukiwa kati ya meno, "hiyo tramu yako ikija, viatu havitaisha. Mimi nitakula nini?"

"Utashona mikoba. Wanafunzi wa tramu hubeba vitabu."

"Na miraa? Miraa ikichumwa haingoji tramu."

"Miraa haikuulizwa."

Watu walicheka. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja soli mpya akatikisa kichwa. "Lakini kwa kweli, Madam, sisi si Ulaya."

"Matope nayo si ya Ulaya," Madam alisema, "na mmeyazoea bila kuitishiwa kikao."

Nilimpenda kwa jibu hilo, na bado nampenda kwalo. Nimewasikia watu wenye elimu wakisema kwamba mji kama wetu haustahili kuota kitu kikubwa kuliko kuzibwa mashimo ya barabara. Wanalisema kwa sauti ya huruma, kana kwamba umaskini ni ugonjwa ambao mgonjwa wake hapaswi kusisimuliwa. Ninapoandika haya, hakuna kipande kimoja cha reli kilicholazwa mjini mwetu, na mimi bado nasema: ijengwe. Nasema hivyo nikijua maji, dawa na madarasa vinahitajika pia. Mtu mwenye njaa hakatazwi kutaka na viatu.

Kulikuwa na swali moja tu la kibandani ambalo Madam hakulijibu papo hapo. Liliulizwa na mwanamke tuliyemwita Mama wa Ndizi, ambaye aliishi mtaa wa chini na kila siku ya soko alileta mikungu kutoka Mitunguu akaiuza mbele ya malango ya vyuo. Aliweka mkungu wake chini, akapangusa shingo, akauliza, "Tramu yenu itabeba huu, ama itabeba watoto na simu zao tu?"

Madam aliutazama mkungu. Kisha akanigeukia. "Wa Dirishani, liandike hilo. Hilo ndilo swali la kwanza la maana tangu tuanze."

Sitaki mtu adhani kwamba alikuwa mtakatifu. Aliyetufundisha kwamba kila mtu ana kinywa hakumruhusu mtu yeyote katika kamati yake kumaliza sentensi. Alidharau mikutano na aliiitisha kila wiki. Aliwaita waendesha bodaboda wauaji wa magoti, na hakuna aliyewahi kumwona juu ya pikipiki. Lakini kila Jumapili mmoja wao alibeba Biblia yake, mkoba wake na mwavuli wake juu ya kiti mpaka mlangoni pa kanisa, polepole sana, naye Madam akimfuata nyuma kwa miguu akimwelekeza mahali pa kukwepa mashimo. Alikuwa mwepesi wa kuudhika na mzito wa kusahau. Aliniambia mara nyingi kwamba ripoti zangu zimeandikwa kama mtu anayeogopa kukamatwa. Na mwili wake ulipoanza kumkatalia, goti la kulia kwanza, alilichukulia kama mwanafunzi mtoro ambaye angerudi akikemewa vya kutosha.

Baada ya barua nyingi, watu wa mamlaka waliajiri mshauri wa kutoka mbali aandike ripoti kuhusu njia hiyo. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye ramani zilizopakwa rangi. Alituambia kwamba njia ingepita nyuma ya nyumba za mtaa wa chini, na kwamba ripoti haiwezi kusonga bila maoni ya wakazi wa hapo. Alitaka mkutano ndani ya wiki moja. Madam alisema tusibandike matangazo, kwa kuwa matangazo husomwa na ukuta. Angetangaza mwenyewe kanisani.

Jumapili hiyo, baada ya mahubiri, alisimama mbele. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Mabomba ya mtaa wa chini yalikuwa makavu kwa majuma kadhaa, na kulikuwa na uvumi kwamba wakazi watagawiwa dramu za kuhifadhia maji. Madam hakuujua uvumi huo, kwa kuwa hakuishi kule. Alisema, kwa ile sauti yake ya darasani, "Jumamosi saa nne, kila nyumba ya mtaa wa chini ije uwanjani. Mje na vitambulisho. Ni mambo ya tiramu."

Tiramu. Kinywani mwake, tramu ilipata ile irabu yake ya daraja; na katika vinywa vingi vya kwetu, dramu ya maji nayo hutamkwa karibu vivyo hivyo.

Sijawahi kuuona uwanja ule ukijaa namna hiyo. Walikuja wazee, wakaja wanawake na watoto mgongoni, wakaja vijana ambao hawaji mkutano wowote. Niliwapitishia orodha ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Walitia sahihi kwa hamu, wakisukumana. Kando ya uwanja niliona mawilibaro yamepangwa, mengine yakiwa na kamba, na nakiri kwamba niliyaona na sikujiuliza neno. Nilikuwa na furaha. Nilidhani watu wamefika kwa ajili ya siku za usoni.

Mshauri alizungumza kwa muda mrefu kuhusu vituo na mteremko. Watu walimsikiliza kwa adabu ya mtu anayengoja kitu. Hatimaye mzee mmoja akainua mkono, akauliza zinagawiwa saa ngapi. Mshauri akamjibu kwamba huduma ingeanza baada ya miaka kadhaa, na mnong'ono ukapita uwanja mzima. Ndipo Mama wa Ndizi akasimama; hata yeye, aliyeisikia tramu kibandani, kiu ilikuwa imemfanya asikie dramu.

"Wewe kijana wa ramani," alisema. "Hiyo tiramu yako ni ya lita ngapi?"

"Haina lita, mama. Inabeba watu."

"Watu?"

"Ndiyo. Kutoka hapa hadi sokoni."

Mama wa Ndizi alimtazama, kisha akamtazama Madam, kisha akatazama mawilibaro. Nadhani yeye ndiye aliyeelewa wa kwanza. Hakupiga kelele. "Basi sisi twende," alisema, na akafunga leso yake upya. Wengine walicheka, wengine wakatusi kwa Kimeru, na wengi waliondoka kimya, wakisukuma wilibaro tupu kurudi nyumbani.

Madam alibaki amesimama katikati ya uwanja akiwa ameushika mwavuli kwa mikono miwili. Nilidhani goti linamuuma.

Mshauri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa tarehe za mwisho. Alichukua orodha, akaipekua, akasema hajawahi kupata mahudhurio kama hayo popote, na kwamba yangetosha. Nilikwenda naye ofisini kuikamilisha ripoti. Karatasi za orodha zilihitaji kichwa, naye akanitajia kichwa kilichotumika kwa kawaida: wananchi waliounga mkono. Niliandika kichwa hicho kwa mwandiko wangu bora. Nikazibana karatasi kwa stepla nyuma ya ripoti, mimi mwenyewe, na niliposikia chuma kikiuma karatasi nilijiambia kwamba tramu itawafaa hata wao. Kwamba siku moja watashukuru. Kwamba kosa dogo la matamshi halipaswi kuua kitu kikubwa. Chuoni nilikuwa nimefunzwa maneno mengi mazuri kuhusu wananchi, na yote yaliingia katika stepla ile bila kuisumbua.

Kamati ilikutana Jumatano kuipitisha ripoti. Madam aliisoma ukurasa kwa ukurasa huku sisi tukinywa chai, mpaka akafika nyuma. Akasoma kichwa changu. Kisha akasoma jina la kwanza kwa sauti, akaniangalia juu ya miwani.

"Huyu alikuja kufanya nini?"

Nilidhani anatania. "Alihudhuria, Madam."

Akasoma jina la pili. "Huyu?"

"Alihudhuria."

"Hata wilibaro ilihudhuria," Madam alisema.

Hakuna aliyecheka. Mshauri alieleza kwa upole kwamba ndivyo ripoti zinavyoandikwa, kwamba sahihi ni sahihi, na kwamba bila ukurasa huo mradi ungewekwa kando, pengine kwa miaka. "Madam," alisema, "hapa hakuna anayeitaka hii tramu kukushinda."

"Ni kweli. Ndiyo sababu sitaki ije kwa wizi."

"Lakini hawajapinga," nilisema. Nilisikia sauti yangu ikipanda. "Na itawasaidia, Madam. Wewe mwenyewe umesema miaka yote itawasaidia."

"Basi watakubali wakiulizwa."

"Na wasipokubali?"

Aliinua kichwa, akanitazama kwa ule utulivu wake wa kungoja, kana kwamba nimetoa jibu la uvivu na sasa tungoje pamoja tuone litafanya nini. Kisha akasema, polepole, "Mdomo uliokosea ni wangu. Wale watu walitia sahihi kwa sababu ya ulimi wangu. Siwezi kuwakosea kwa ulimi halafu niwamalizie kwa karatasi." Akachomoa pini kwenye nywele zake, akainua miguu ya chuma cha stepla mmoja baada ya mwingine, akazitoa karatasi zile, akazikunja, akazitia mkobani. Mahali pake aliweka barua fupi yenye sahihi yake: wakazi wa mtaa wa chini hawajaulizwa.

Ripoti ilirudi kama mshauri alivyotabiri. Mradi uliwekwa kando mpaka maoni ya wakazi yapatikane, na mshauri akaenda na ramani zake mahali pengine. Waliotucheka tangu mwanzo walisherehekea. Waliotuunga mkono walisema Madam amezeeka. Kibandani fundi alitikisa kichwa na kusema, "Huyu mama amejipiga ngwala mwenyewe." Mimi nilikuwa na hasira iliyonifanya nisipite nyumbani kwake kwa miezi. Nilijiona nimesalitiwa na mtu aliyenifundisha kutaka makubwa. Kwa nini afunge mlango uleule alioupiga teke miaka yote?

Nilipata jibu kwa njia ya ndizi. Alasiri moja nilikuwa nikinunua kichane mbele ya lango la chuo cha ualimu, na Mama wa Ndizi, akinihesabia, akasema bila kunitazama, "Madam wako alikuja kwangu."

"Lini?"

"Zamani. Baada ya ile mambo. Alikuja na ile karatasi ya majina, nyumba kwa nyumba, na lile goti. Akasema pole kwa ulimi. Mimi nikamwambia, Madam, usijali, hata mimi naitamka hivyo hivyo." Akafunga ndizi zangu kwenye gazeti. "Yeye alisema vibaya, akaja kuomba msamaha. Wewe uliandika vizuri. Mbona hujakuja?"

Nilisimama pale na ndizi mkononi kama mtoto aliyeulizwa amekuja shule kufanya nini.

Nilianza Jumamosi iliyofuata. Nilikwenda katika kila nyumba iliyokuwa kwenye orodha ile, nikifuata nakala ya majina iliyobaki katika daftari la kamati na kuuliza njia. Nilieleza nilichofanya na stepla, jambo ambalo wengi wao hawakulijua, na wengine walinifukuza, na mmoja alinipa maji ya kunywa kutoka kwenye mtungi uliokaribia kuisha, jambo lililoniumiza kuliko kufukuzwa. Niliwaalika kwenye mkutano mwingine ambao hakuna mamlaka iliyouomba. Kila nyumba nilitamka maneno mawili kwa uangalifu, nikayaeleza, moja la kupanda na moja la kuwekea maji.

Tulikutana msimu huu wa mvua, katika ukumbi wa kanisa. Walifika pungufu ya nusu ya wale wa uwanjani. Sikuleta orodha yenye visanduku. Nilileta daftari la mistari. Tulipokuwa tukianza, mlango wa nyuma ulifunguka. Kijana wa bodaboda aliingia na mkoba na Biblia, akaviweka juu ya kiti, na baada ya muda mrefu Madam akaingia akiwa ameegemea mwavuli, matope hadi kwenye vifundo. Alikuwa amepungua sana. Hatukuwa tumezungumza tangu ile Jumatano. Alitazama ukumbi, akachagua kiti kilicho karibu na dirisha, akaketi.

Nikaanza kusoma majina, na kila mtu nikamuuliza amekuja kufanya nini.

"Nimekuja kukataa," alisema wa kwanza. "Hiyo njia inapitia kwa choo yangu." Niliandika.

"Nimekuja kuona kama mtatudanganya tena." Niliandika hilo pia.

"Nimekuja kwa sababu binti yangu anasoma uuguzi na miguu yake inaoza kwa maji." Niliandika.

Ilipofika zamu ya Mama wa Ndizi, alisimama na kuwageukia wenzake badala yangu. "Mara ya kwanza nilikuja kwa dramu," alisema. "Leo nimekuja kwa tramu, na iwe ile ya kubeba mkungu. Lakini dramu sijasahau. Wakichimba mtaro ya reli, wachimbe na ya bomba hapo hapo. Kama hapana bomba, mimi nitalala kwa hiyo reli, waniendeshe juu." Ukumbi ulinguruma kumuunga mkono, na niliandika mpaka sentensi ikakosa mstari, nikaipindisha pembezoni.

Madam hakuwa mkazi wa mtaa ule na hakuwa kwenye orodha ile ya uwanjani. Nilikuwa nimeliandika jina lake mwisho kabisa usiku uliotangulia, bila kujua kama atafika. Nililisoma. Alisimama kwa hatua tatu, kwanza mwavuli, kisha goti zima, kisha goti bovu, na watu wakangoja.

"Nimekuja kwa tiramu," alisema.

Kicheko kilianzia mbele kikaenda mpaka nyuma, na Mama wa Ndizi alikuwa anapangusa macho, na Madam mwenyewe alitabasamu, jambo nililoliona mara chache mno. Lakini mimi nilikuwa na kalamu iliyoinuliwa juu ya karatasi, na sikujua niandike lipi.

"Ipi, Madam?" nilimuuliza. "Ya kupanda au ya maji?"

Aliniacha ningoje kidogo.

"Wa Dirishani," alisema, "andika nilivyosema."

Nikaandika, herufi kwa herufi: tiramu.